Malaika ni mjumbe, si marehemu

Kuna sentensi ambayo sasa haikosekani kwenye msiba, hasa msiba wa mtoto: "Mbingu imepata malaika mwingine." Mara ya mwisho niliisikia katika ibada ya mazishi, ikisomwa ndani ya salamu za rambirambi muda mfupi tu baada ya somo la Lazaro maskini kutoka Injili ya Luka, somo ambalo malaika wamo ndani yake na kazi yao imetajwa waziwazi, wala hakuna aliyeshtuka.

Maana yenyewe ni fupi. Katika mafundisho ya Kikristo, malaika ni roho aliyeumbwa na Mungu, asiye na mwili kama wetu, ambaye humtumikia Mungu na hutumwa kwa wanadamu. Waebrania 1:14 inawaita "roho watumikao", wakitumwa kuwahudumu watakaourithi wokovu. Mwanadamu ni kiumbe mwingine, na kufa hakumhamishi kutoka aina moja ya kiumbe kwenda nyingine.

Nadhani kinachotuponza ni neno lenyewe, kwa sababu tulilipokea likiwa limefungwa na hatukulifungua. Limetoka katika Kiarabu, na huko *malaika* ni wingi. Umoja wake ni *malak*. Sisi tuliuchukua wingi tukaufanya umoja, tukasema malaika mmoja, malaika wawili, na sarufi yetu haikulalamika. (Kamusi inayo pia *malaika* nyingine, zile nywele laini za mwilini ambazo umoja wake ni *laika* na ambazo humsimama mtu akipatwa na baridi au hofu, hizo hazihusiani na mbingu.) Neno la Kiarabu lina ndugu katika Kiebrania, *mal'akh*, na yote mawili hurudi kwenye shina la kale la Kisemiti lenye maana ya kutuma. Katika shina hilohilo Kiebrania kina neno *melakha*, yaani kazi, ndilo linalotumika katika amri ya Sabato mtu anapokatazwa kufanya kazi yoyote. Kwa hiyo anayelisikia neno hili kwa Kiebrania anamsikia mtu aliyepewa shughuli na kuambiwa aende.

Fungua Mwanzo 32 uone jambo hili kwa karibu. Katika mstari wa kwanza, Yakobo yuko njiani na malaika wa Mungu wanakutana naye. Katika mstari wa tatu, Yakobo huyohuyo anatuma wajumbe wamtangulie kwa Esau, kaka yake. Msomaji wa Kiswahili anaona makundi mawili yenye majina mawili, lakini katika Kiebrania neno ni moja, *mal'akhim*, na ni mtumaji pekee anayetofautisha: wale wametumwa na Mungu, hawa wametumwa na Yakobo, na huenda walikuwa watumishi wake wa zizini. Kiyunani cha Agano Jipya hufanya vivyo hivyo kwa neno *angelos*. Watu waliotumwa na Yohana Mbatizaji kwenda kumwuliza Yesu maswali wanaitwa hivyo katika Luka 7:24, na wapelelezi waliofichwa na Rahabu wanaitwa hivyo katika Yakobo 2:25, ingawa watafsiri wetu wameandika "wajumbe" mahali pote pawili, na wameandika vizuri. Hata jina la kitabu cha Malaki, ukilisoma kama neno la kawaida, ni "mjumbe wangu".

Laiti watafsiri wangeandika "mjumbe" kila mahali, ile sentensi ya msibani ingalikufa yenyewe. Hakuna mfiwa ambaye angesema kwamba Mungu amepata mjumbe mwingine bila kujiuliza ametumwa wapi, na kwa nani.

Hapa huzuka hoja ambayo si ya kipuuzi: ikiwa malaika ni jina la kazi, kwa nini marehemu asipewe kazi hiyo? Agostino wa Hippo, askofu aliyefariki mwaka 430, alilitenganisha jambo hili alipokuwa akifafanua Zaburi: malaika, alisema, ni jina la kazi wala si la asili, ukiuliza asili yao, ni roho, na ukiuliza kazi yao, ni malaika. Ni kweli kwamba wanadamu walio hai waliotumwa na ujumbe waliitwa kwa neno hilo, kama tulivyoona. Lakini walibaki wanadamu, na baada ya kufikisha ujumbe walirudi nyumbani. Anayesema mtoto amekuwa malaika hasemi kwamba mtoto ametumwa mahali. Anasema amegeuka kuwa kiumbe mwingine, mara nyingi na mabawa juu, na hilo ndilo Maandiko hayalifundishi popote.

Wanaolitetea hunukuu Mathayo 22:30, kwamba katika kiyama watu "huwa kama malaika mbinguni". Wananukuu vizuri, kisha wanalimeza neno "kama". Yesu alikuwa akijibu swali la Masadukayo kuhusu mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine, nao walitaka kujua siku ya ufufuo atakuwa mke wa nani. Jibu lilihusu ndoa na kifo: waliofufuliwa hawaoi wala hawaolewi, na Luka anaongeza kwamba hawawezi kufa tena, na kwa hilo wako sawasawa na malaika. Waliofananishwa na malaika ni watu waliofufuliwa, nao bado ni watu. Tena, kwa kuwa Matendo 23:8 inasema Masadukayo walikana kiyama na malaika pia, jibu hilo liliwagusa mahali pawili kwa pamoja, na sijui kama walilifurahia.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba sentensi ile husemwa kama sifa, kana kwamba marehemu amepandishwa cheo. Agano Jipya halioni hivyo. Paulo anawauliza Wakorintho kama hawajui kwamba watawahukumu malaika. Waebrania 2:16 inasema Kristo hakutwaa asili ya malaika bali ya mzao wa Ibrahimu. Petro, akizungumzia wokovu waliohubiriwa watu, anaandika kwamba "mambo hayo malaika wanatamani kuyachungulia". Anayechungulia yuko nje ya mlango. Kumwambia mama kwamba mwanawe ameacha kuwa mtu ili awe malaika ni kumwondolea mtoto huyo undugu ambao Mwana wa Mungu mwenyewe aliuchagua.

Sizungumzii mapenzi ya kawaida. Mtoto mchanga akiitwa malaika na bibi yake anayembembeleza, hilo ni jina la upendo la siku nyingi katika lugha yetu, wala halihitaji mwanateolojia. Wala simshauri mtu amsahihishe mfiwa kaburini. Atakayefanya hivyo atakuwa na haki ya sarufi na makosa ya utu.

Ila anayeandika rambirambi ana muda wa kufikiri na kalamu mkononi, naye hahitaji kulitupa neno analolipenda. Somo lile la Lazaro linasema maskini alikufa, "akachukuliwa na malaika mpaka kifuani kwa Ibrahimu". Basi aandike kwamba mtoto amechukuliwa na malaika. Malaika watabaki katika sentensi wakifanya kazi yao, na mtoto atabaki na jina lake.