Kabla ya Kuchagua Fani ya Biashara, Soma Tangazo la Kazi

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likafunguliwa, wazazi na vijana huleta swali lilelile kwenye dawati letu la ushauri: kati ya uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu na ugavi, ipi ina ajira? Wengine huja na jibu tayari, wamepewa na mjomba anayefanya kazi benki. Mjomba mwenyewe aliajiriwa lini, na kwa vigezo gani, hapo hakuna aliyeuliza.

Sisi huwashauri waulize hivi: kuna sheria gani inayomlazimisha mwajiri awe na mtu wa fani hii? Swali hilo halimalizi kila kitu, lakini linazipambanua fani hizi upesi kuliko maneno ya matumaini yaliyoandikwa kwenye vipeperushi vya vyuo, vyetu vikiwemo.

Tuanze na uhasibu. Kampuni inatakiwa kuandaa hesabu zake na kuzipeleka kwa mkaguzi, na Mamlaka ya Mapato, TRA, nayo inasubiri ritani za kodi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1972, na ndiyo inayosajili wataalamu wa fani hiyo. Kazi, basi, zipo. Ila wengi hawatambui kwamba sheria inamlinda zaidi mwenye CPA, yaani aliyefaulu mitihani ya bodi hiyo, kuliko mwenye shahada peke yake. Fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, inayotangaza nafasi za serikali, uone. Kuna Afisa Hesabu na kuna Mhasibu. Watu hao wawili huenda walikaa dawati moja chuoni, wakafanya mitihani ileile, wakahitimu siku moja. Kinachowatenganisha ni mitihani ya bodi, na kinawatenganisha pia kwenye mshahara na kwenye ngazi za kupanda.

Mwenye shahada ya uhasibu huanzia ngazi ya kati ya mitihani ya NBAA, wakati aliyesoma fani nyingine huanzia ngazi ya msingi. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Ukifaulu yote bado unadaiwa uzoefu wa kazi kabla ya kusajiliwa kuwa mhasibu kamili. Mzazi anayepanga ada ya miaka mitatu ya chuo apange pia ada za bodi na madarasa ya maandalizi, kwa sababu kijana akikwama hapo atajikuta kwenye foleni moja na wahitimu wote wa uhasibu wa nchi hii, na foleni hiyo ni ndefu sana.

Fani ambayo mimi naona haipewi heshima yake ni ununuzi na ugavi. Wanafunzi wengi huijaza chaguo la tatu, tena baada ya kukosa uhasibu. Tazama lakini mahitaji yalivyo. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, na inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa. Sheria ya ununuzi wa umma nayo inaitaka kila taasisi nunuzi iwe na kitengo cha usimamizi wa ununuzi. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Ongeza wizara, wakala, mamlaka za maji, vyuo vya umma na hospitali za rufaa, uone ni ofisi ngapi zinazolazimika kuwa na watu wa aina hii, na nyingi ziko nje ya Dar es Salaam. Kisha kuna upande wa pili ambao vijana hawaufikirii. Zabuni za Serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mkandarasi au msambazaji wa Njombe anayetaka tenda anahitaji mtu wa kumwandalia nyaraka zisitupwe nje kwa kosa dogo. Mhitimu wa ugavi anayeujua mfumo huo anaweza kula kwa mwuzaji kama anavyokula kwa mnunuzi.

Fedha ina jina zuri kuliko ukubwa wa soko lake. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki hamsini. Nafasi za uchambuzi wa uwekezaji ni chache na karibu zote ziko jijini. Wahitimu wengi wa fedha huishia kaunta za benki au kwenye mikopo. Hilo si baya: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya leseni ya Benki Kuu, na afisa mikopo anayejua kusoma mzunguko wa fedha wa duka la pembejeo hakosi mwajiri kirahisi. Lakini ukisitasita kati ya fedha na uhasibu, chukua uhasibu. Matangazo mengi ya kazi za fedha humkubali mhasibu, ilhali mlango wa kurudi upande wa pili ni mwembamba.

Rasilimali watu ina ushindani usioonekana. Nafasi za Afisa Utumishi serikalini hugombewa pia na waliosoma elimu ya jamii na utawala, na kampuni binafsi mara nyingine humpa kazi hiyo mwanasheria. Sababu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiri akimwachisha mtu kazi bila kufuata utaratibu, anaitwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fidia inauma. Kwa hiyo anayechagua fani hii asiyakimbie masomo ya sheria za kazi.

Bima husahaulika, na pengine ni bora kwa anayeichagua, maana darasa ni dogo na siku hizi benki nazo huuza bima.

Masoko hayana sheria ya kukubeba wala bodi ya kukuzuia. Mwajiri atakuuliza umeuza nini, basi. Binti aliyekuwa akiuza vitenge kwa simu tangu kidato cha tano asiogope fani hii. Anayeichagua kwa sababu haina hesabu nyingi atafakari upya.

Mwisho kuna shahada ya jumla ya usimamizi wa biashara. Tatizo lake ni maneno ya matangazo. Utakuta wanataka mwenye shahada ya biashara “aliyejiimarisha katika fani ya uhasibu”, na mfumo wa maombi wa Ajira Portal hausikilizi maelezo yako ya pembeni. Kama tayari umeshaanza shahada hiyo, angalia masomo ya hiari ya mwaka wa pili na wa tatu, yaelekeze yote upande mmoja ili transkripti ionyeshe umejikita wapi. Kisha waandikie NBAA au PSPTB mapema, ukiwa na orodha ya masomo yako mkononi, wakuambie utaanzia ngazi gani. Kuanzia ngazi ya msingi kunaongeza muda na ada, ila njia haijafungwa.