Ndege ndogo hugongana wapi hasa?

Wengi wanaamini kwamba ndege ndogo hugongana angani kwa sababu ya ukungu, mawingu mazito au giza la usiku, na kwamba hukutana ana kwa ana. Imani hiyo inaeleweka, kwani barabarani ukungu na giza ni hatari kweli.

Hata hivyo, ripoti za uchunguzi za miaka mingi zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ajali hizi hutokea mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, karibu na viwanja vya ndege, hasa visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Anga likichafuka, marubani wengi wa ndege ndogo hawaruki. Likitakata, hukusanyika kwenye mzunguko uleule wa kutua. Mara nyingi ndege yenye kasi zaidi huifikia nyingine kutoka nyuma. Na iwapo ya juu ina mabawa yaliyo chini ya chumba cha rubani, huku ya chini ikiwa na mabawa yaliyo juu yake, kila rubani hufichwa mwenzake na bawa lake mwenyewe. Tena, ndege inayoelekea kukugonga huonekana kama nukta iliyosimama kwenye kioo, haihami kushoto wala kulia, ilhali jicho huvutwa upesi na kinachosogea.

Anayetaka kuhakikisha asome ripoti kadhaa za mwisho za uchunguzi, ambazo nchi nyingi huziweka wazi kwenye intaneti, akitazama saa ya ajali, umbali wa kuona na kimo cha ndege. Habari za siku ya ajali yenyewe, kwa kawaida, hazitoshi.