Mzee Ametoka Kupasuliwa, Mbona Anachanganyikiwa?

Ndugu wa mgonjwa huja na malalamiko yanayofanana. Mzee aliingia chumba cha upasuaji akiwa na akili zake timamu, lakini usiku wa pili anamwita mkewe aliyekwisha fariki, anavuta mpira wa mkojo na kutaka kushuka kitandani akakate majani ya ng'ombe. Maelezo nayo huwa tayari: nusukaputi imemharibu, au presha ilishuka mno wakati anapasuliwa.

Kuhusu presha, wana ukweli kiasi. Dawa nyingi za usingizi hulegeza mishipa ya damu, na ganzi ya mgongo hufanya hivyohivyo. Mgonjwa akiwa ametoka damu, au amekaa na njaa na kiu tangu jana jioni, presha hushuka upesi zaidi. Ndiyo maana sisi tunaotoa dawa za usingizi tunaipima angalau kila dakika 5, na jicho letu liko zaidi kwenye presha ya wastani. Mwenye 120/80 wastani wake ni kama 93, si 100, kwa sababu moyo hutumia muda mwingi kupumzika kuliko kusukuma. Wastani ukielekea chini ya 65 hatusubiri: tunaongeza maji ya dripu, tunapunguza dawa ya usingizi au tunachoma efedrini, dawa ya kupandisha presha. Presha ikikaa chini kwa muda mrefu, moyo na figo zimo hatarini.

Ubongo una ujanja wake. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hiyo mishipa yake hujitanua presha ikishuka ili damu isipungue. Kwa mtu aliyeishi miaka mingi na presha ya kupanda, kiwango hicho cha kujihami huwa kimesogea juu. Aliyezoea 170/100 tukimwacha kwenye 100/60 hatuko salama, hata kama namba hiyo ni nzuri kwa mjukuu wake. Daftari la kliniki lenye vipimo vya miezi iliyopita lina faida kwetu kuliko kipimo kimoja cha asubuhi ya upasuaji, mzee akiwa na hofu. Njoo nalo, pamoja na dawa zenyewe. Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril na losartan, mara nyingi husimamishwa siku moja kabla, nyingine hazikatizwi. Usiamue nyumbani.

Hata hivyo, presha peke yake haielezi kuchanganyikiwa kote tunakokuona. Utafiti mkubwa wa Ulaya na Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulifuatilia wagonjwa 1,218 wa miaka 60 na zaidi. Wiki moja baada ya upasuaji, karibu asilimia 26 walikuwa wamepungua uwezo wa kumbukumbu na kufikiri. Baada ya miezi 3, karibu asilimia 10. Watafiti walitarajia kukuta kosa kwenye presha au oksijeni iliyoshuka, wasilikute. Umri ndio uliojitokeza wazi. Na wanaosisitiza mzazi wao achomwe ganzi ya mgongo ili "kuokoa akili" wajue kwamba mwaka 2021 wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga walilinganishwa: waliochomwa mgongo na waliolazwa usingizi walichanganyikiwa karibu sawa, kama mmoja kati ya watano.

Basi tutafute kwingine: maumivu yasiyotulizwa, maambukizi, mkojo uliobana, choo kigumu, kukosa usingizi, miwani iliyosahauliwa nyumbani Rombo, usahaulifu uliokuwepo tangu zamani nanyi mkauita uzee. Na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu. Tukijua mapema kuna tiba. Tafadhali msimfichie.

Ndugu anayekaa kando ya kitanda husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Amwambie mzee ni saa ngapi na yuko wapi, amvishe miwani, mchana amkalishe. Wazee wengine wakichanganyikiwa hurudi kwenye Kichagga kitupu, na muuguzi aliyetoka mkoa mwingine hawezi kujua kama anachosema kina maana. Wewe unajua. Mchunguze hasa yule aliyenyamaza, anayelala kutwa na kujibu kwa shida. Huyo husifiwa kwamba ametulia, kumbe naye amechanganyikiwa.

Mdomo ukipinda, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au maneno yakianza kukokotwa, hiyo inaweza kuwa kiharusi: mwite muuguzi dakika hiyohiyo. Kuchanganyikiwa kwa kawaida huja na kuondoka, huzidi usiku, na wengi hupata nafuu ndani ya siku chache. Kama miezi 3 imepita na bado hakumbuki ametoka kula nini au amepotea njia ya kihambani kwake, shamba la nyumbani, mrudisheni kliniki.