Je, wajua timu za kikapu za vyuo vikuu vya Marekani huchaguliwaje kwa mashindano ya Machi?

Jumapili ya tarehe 16 Machi 2025, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, kilitangaza timu 68 za wanaume zitakazowania ubingwa wa mpira wa kikapu. Chuo cha North Carolina kilikuwamo, ingawa kilikuwa kimepoteza michezo 12 kati ya 13 dhidi ya wapinzani wa kiwango cha juu kabisa. West Virginia, iliyokuwa imezifunga Gonzaga na Arizona na pia Kansas katika ukumbi wa Kansas yenyewe, iliachwa nje. Hasira zilipanda kiasi kwamba siku iliyofuata gavana wa jimbo la West Virginia, Patrick Morrisey, alitangaza kuwa ameagiza uamuzi huo uchunguzwe kisheria. Mwenyekiti wa kamati ya uteuzi mwaka huo, Bubba Cunningham, alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina yenyewe, na jambo hilo liliuchochea zaidi moto huo.

Ili kuelewa kwa nini uteuzi wa timu unaweza kufika hadi ofisi ya gavana, ni lazima kwanza tuelewe msimu wenyewe unavyokwenda. Katika ligi ya mpira wa miguu tuliyoizoea, kila timu hukutana na kila timu nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu jedwali la pointi hutoa hukumu bila kumuuliza mtu yeyote. Daraja la juu la kikapu cha vyuo vya Marekani lina timu zaidi ya 360, na kila moja hucheza michezo thelathini na ushei tu kabla ya Machi, mingi ikiwa ndani ya ligi yake. Timu mbili zinazogombea nafasi moja huenda hazijakutana kamwe, wala hazijacheza na mpinzani hata mmoja wa pamoja.

Sehemu ya kwanza ya uteuzi haina ubishi. Mwaka 2025, mabingwa wa ligi 31 waliingia moja kwa moja, hata wale wa ligi ndogo kabisa. Nafasi 37 zilizobaki ndizo zilizogawiwa na kamati ya watu 12, ambao ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makamishna wa ligi. Asidhani mtu kwamba nafasi hizo ni za wanyonge tu. Mwaka 2009 Connecticut, iliyomtegemea Mtanzania Hasheem Thabeet katika ulinzi, ilitolewa na Syracuse katika mashindano ya ligi yao ya Big East, kwenye mchezo ulioongezwa muda mara sita. Haikuwa bingwa wa ligi, bali iliingia kwa kura za kamati, ikapangwa namba moja katika kanda yake, na ikafika nusu fainali.

Kamati hukutana faraghani kwa siku kadhaa. Kila mjumbe huandika timu anazoona hazina shaka na nyingine anazotaka zijadiliwe, na zile zinazotajwa na wengi hupita mapema. Timu zilizosalia hupigiwa kura kwa mafungu madogo: wajumbe huchagua timu nane bora kati ya zilizobaki, huzipanga kwa daraja, nne za juu huingia, kisha zoezi huanza upya. Mjumbe hana haki ya kuipigia kura timu ya chuo au ligi anayoisimamia, na chuo chake kinapojadiliwa hutoka chumbani. Ndiyo sababu mwaka 2025 aliyejitokeza kueleza uamuzi juu ya North Carolina hakuwa Cunningham, bali makamu wake, Keith Gill.

Sasa, wajumbe hao hutazama nini? Tangu 1981 hadi 2018 walitegemea kipimo kilichoitwa RPI, ambacho robo tatu ya thamani yake ilitokana na matokeo ya wapinzani na ya wapinzani wa wapinzani, na robo moja tu ikatokana na ushindi wa timu yenyewe. Kwa hiyo timu iliyofungwa na vigogo ingeweza kupanda daraja kuliko iliyowafunga wanyonge. Mahali pake pakachukuliwa na NET, ambayo hutazama timu imemshinda nani na wapi, tena hupima pointi inazofunga na kufungwa kwa kila umiliki wa mpira, yaani kila zamu ya kushambulia.

NET ndiyo huyagawa matokeo katika mafungu manne. Fungu la kwanza lina michezo dhidi ya timu zilizo katika nafasi 30 za juu ikiwa nyumbani, 50 za juu ikiwa uwanja huru, na 75 za juu ikiwa ugenini, kwa kuwa kushinda ugenini ni kugumu zaidi. Mbali na hesabu, kamati huruhusiwa pia kuangalia majeruhi. West Virginia ilizifunga Gonzaga na Arizona ikiwa bado na mchezaji wake Tucker DeVries, ambaye aliumia baada ya michezo minane na hakurudi tena msimu huo.

Hapa ndipo lilipo tatizo halisi, na kwa maoni yangu ndilo linalozaa kelele za kila mwaka: kamati haijaamua wazi kama inatafuta timu bora au timu iliyostahili. Timu bora ni ile inayotarajiwa kushinda ikicheza kesho. Timu iliyostahili ni ile ambayo imekwisha kushinda michezo migumu. Kipimo kinachohesabu pointi kwa kila umiliki hujibu swali la kwanza, ilhali orodha ya ushindi hujibu la pili, na mjumbe anayetaka kuipendelea timu fulani hupata sababu katika jibu moja au jingine.

Waliouonja uchungu huo zaidi ni Indiana State mwaka 2024. Walishinda michezo 28 na kupoteza sita tu, walikuwa ndani ya nafasi 30 za juu za NET, lakini walifungwa na Drake 84–80 katika fainali ya ligi yao ya Missouri Valley, na kamati ikawaacha. Hoja dhidi yao ilikuwa uchache wa ushindi katika fungu la kwanza. Mimi naona hoja hiyo ni nzito kwa karatasi na nyepesi kwa haki, kwa sababu michezo ya fungu hilo haipatikani kwa kutaka. Timu ya ligi kubwa huipata kila wiki kwa ratiba tu. Timu ya ligi ndogo huomba, na vyuo vikubwa havina sababu ya kwenda kuhatarisha jina lao katika ukumbi wake.

Ndiyo maana nakiunga mkono kwa dhati kipimo kilichoongezwa msimu wa 2024–25, kijulikanacho kama WAB. Hiki huuliza: timu ya kawaida iliyo ukingoni mwa uteuzi ingeshinda michezo mingapi kwa ratiba hii hii? Iwapo timu hiyo ya kufikirika ina uwezekano wa asilimia 30 kushinda mchezo fulani, anayeushinda hupata 0.7 na anayeupoteza hukatwa 0.3. Mchezo mwepesi wa asilimia 95 humpa mshindi 0.05 tu, lakini humkata aliyeteleza 0.95. Hakuna kikwazo kati ya fungu na fungu, wala faida ya kumfunga mnyonge kwa pointi arobaini, na North Carolina isingepata sifa kwa kucheza tu na vigogo bila kuwashinda.

Wapo wanaosema uwanja ndio unaotoa jibu la mwisho. Mwaka 2011 timu ya chuo cha VCU, iliyolaumiwa vikali ilipochaguliwa, iliifunga hata Kansas na kufika nusu fainali. North Carolina nayo mwaka 2025 iliichapa San Diego State 95–68 kabla ya kutolewa na Ole Miss 71–64. Hata hivyo matokeo hayo hupima ubora wa waliochaguliwa peke yao. Indiana State hawakupewa mchezo hata mmoja wa kujipima katika mashindano hayo, na walipopelekwa kwenye mashindano ya NIT, ya wale walioachwa, walifika fainali.