Laana ya mali: kwa nini shaba inatoka na umaskini unabaki

Laana ya mali ni jina la jambo ambalo hapa Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo, halihitaji mwalimu: nchi yenye madini tele mara nyingi huendelea polepole, huibiwa zaidi na hupigana zaidi kuliko jirani yake asiye nayo. Jina lilienea baada ya mchumi Richard Auty kulitumia mwaka 1993.

Kiini ni hiki: serikali inakula kwa nani? Inayoishi kwa kodi za wakulima na wachuuzi hulazimika kuwabembeleza, maana barabara ikifa, mazao hayafiki sokoni na kodi haiji. Inayoishi kwa shaba inahitaji saini chache na njia ya kufikisha malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mama anayeuza makala (mkaa) soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, anatozwa ushuru, na mvua ikinyesha anapanga mafungu yake juu ya matope. Hata akigoma, hakuna waziri atakayekosa mshahara.

Rushwa inaingia hapo hapo. Mkataba wa mgodi unajadiliwa na watu wachache, mlango umefungwa, na asilimia moja tu ni mamilioni ya dola. Matabishi, yaani hongo ndogondogo, ya polisi njiani, tunayoyalalamikia kila siku, ni makapi.

Vita navyo vinataka mfadhili. Katanga, jimbo letu la shaba, ilipojitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliilipa serikali ya kiongozi wake Moïse Tshombe kodi ambazo zingekwenda Léopoldville, mji mkuu (leo Kinshasa). Shamba la mihogo haliwezi kulisha jeshi namna hiyo.

Umaskini ndio unaotuuma zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ilikuwa na hospitali, shule na posho ya unga. Wazee waliiita baba na mama. Utawala wa Rais Mobutu ukachota fedha, mitambo ikachakaa bila vipuri, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mwaka 2003 ukaanza mpango ulioondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000, ukaitwa wa kuondoka kwa hiari. Hiari ya mtu asiyelipwa mshahara kwa miezi na miezi, lakini.

Wapo waliokwepa. Almasi ya Orapa iligunduliwa mwaka 1967, Botswana ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, na nchi haikuvurugika. Kwa maoni yangu, bahati yao ni kwamba fedha iliwakuta wakubwa waliozoea kuulizwa hadharani. Sisi ilitukuta chini ya kampuni ya kikoloni, kisha chini ya mtu mmoja.

Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, iende kwa manispaa, sekta au uchifu unaochimbwa. Anayekaa huko aanze kwa kumuuliza mkuu wake: mwaka jana mlipokea kiasi gani, na kiko wapi?