Kuzaliwa pwani si kinga ya malaria

Mtu wa Unguja au Pemba akijiandaa kwenda Mikumi kuangalia tembo kwa mara ya kwanza, huulizwa kuhusu koti na darubini. Akitaja malaria, huambiwa: "Wewe mtoto wa pwani, damu yako imeshazoea."

Zamani maneno hayo yalikuwa na chembe ya ukweli. Lakini kinga hiyo mtu hazaliwi nayo akabaki nayo. Hujengeka kwa kuambukizwa mara kwa mara, haiwi kamili, na hupungua maambukizi yakikatika. Zanzibar, kwa vyandarua, upuliziaji dawa majumbani na upimaji, kiwango cha malaria kimekuwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Kijana wa Wete huenda hajaugua hata siku moja; mbele ya malaria ya Morogoro ni mgeni sawa na mtalii wa Ujerumani, ila mtalii kaja na vidonge vyake.

Muone daktari mapema, maana baadhi ya dawa za kinga huanzwa kabla ya safari na kuendelezwa wiki 4 baada ya kurudi. Usiku, chandarua na mikono mirefu. Homa ikikushika hata wiki mbili baada ya kushuka boti Malindi, usimeze panadol ukalala: kapime siku hiyo hiyo, na useme ulikuwa bara.