Kutunza vitabu usivyokusudia kuvisoma

Kabati nyingi za vitabu hapa Moshi zina vile ambavyo hakuna mwenye nia ya kuvisoma: ensaiklopidia za mzee, vitabu vya sheria alivyoacha babu, taarifa za semina. Kuwa navyo si kosa. Kosa ni kuvisahau, kwa sababu kitabu kinachofunguliwa mara kwa mara hupata hewa, na msomaji huliona doa la kwanza la ukungu. Kisichofunguliwa huoza kimyakimya.

Vikague Februari, kabla ya masika, kisha Juni mvua zikikatika. Ukungu huanza kuota unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, kwa hiyo acha sentimita 5 kati ya rafu na ukuta, hasa ukuta wa nje. Rafu ya chini iwe juu ya sakafu kwa sentimita 15 ili uione njia ya udongo ya mchwa kabla hawajafika kwenye karatasi. Usivibane vitabu. Ukikivuta kilichobanwa kwa kushika juu ya mgongo, mgongo unachanika. Sukuma viwili vya pembeni nyuma kidogo, kisha kishike katikati.

Penye ukungu, vaa barakoa, kianike kitabu kivulini penye upepo hadi kikauke kabisa, ndipo upanguse nje ya nyumba kwa brashi laini. Jua kali hupausha jalada na kulipinda. Dawa ya mbu ya kupuliza usiitumie kamwe: huacha madoa na sumu kwenye kurasa.

Wadudu wanaokula gundi na karatasi huuawa kwa baridi. Funga kitabu kikavu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko siku nzima. Wengi huharibu hapa: wakifungua mapema, mvuke wa hewa hugeuka maji juu ya karatasi baridi.

Nafasi ikiwa haba, watu hutupa vijitabu vyembamba na kubakiza majuzuu manene. Naomba mfanye kinyume. Ensaiklopidia ilichapwa kwa maelfu. Lakini taarifa ya chama cha msingi cha kahawa, kumbukumbu ya jubilei ya usharika, au historia ya ukoo iliyopigwa chapa kwa taipureta huenda imebaki nakala hiyo moja. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, iliundwa mwaka 1933; makaratasi ya wanachama wake wa mwanzo yakiliwa na mchwa, hakuna duka la kuyanunua tena.

Vijitabu hivyo huharibiwa zaidi na pini za stepla zinazoshika kutu. Usizing'oe kwa kuvuta. Fungua katikati ya kijitabu, inua miguu ya pini kwa kisu chembamba butu, kigeuze kijitabu, kisha itoe pini taratibu kwa upande wa mgongo. Shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale, fundo libaki ndani. Selotepu usiiguse: gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi kwenye maandishi. Jina la mwenye kijitabu na mahali kilipotoka yaandike kwa penseli.